Mfalme wa Sinema na Mfuko wa Mlangoni

Wazee wetu walioingia majumba ya sinema ya Unguja, Dar es Salaam na Mombasa katika miaka ya 1950 hawajaisahau picha iitwayo Awaara. Ilitolewa mwaka 1951, na ilipofika pwani yetu watu waliijaza kumbi hata wakakosa mahali pa kusimama. Wasiojua neno moja la Kihindi waliziimba nyimbo zake njiani wakirejea makwao. Macho ya watu yalimfuata yule kijana mzururaji, Raj Kapoor, na vijana wa mitaani walijifunza hata mwendo wake. Hakimu mwenye uso mgumu, aliyemfukuza mkewe mja mzito na hivyo kumtupa mwanawe mikononi mwa wezi, hakuna aliyetaka kumwiga. Watu walimchukia, wakaondoka.

Hakimu yule aliigizwa na Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj. Mtoto aliyeigiza utoto wa mzururaji alikuwa mwanawe mwingine, Shashi, na mzee aliyeketi katika kiti cha enzi cha mahakama kwa dakika chache alikuwa Basheshwarnath, baba yake Prithviraj mwenyewe. Basi katika picha moja walionekana watu wa vizazi vitatu, na yeye katikati yao. Siku hizi jina la ukoo huo hutajwa zaidi kwa ajili ya watoto na wajukuu. Sisi twapenda leo kumrudia yule wa katikati, kwa sababu fedha ambazo picha zilimpa hakuzitumia kama watu wa kazi yake walivyozoea kuzitumia.

Alizaliwa tarehe 3 Novemba 1906 katika mji mdogo wa Samundri, jimbo la Punjab, mahali ambapo leo ni Pakistan. Mama yake alifariki akiwa mtoto mdogo sana. Baba yake alikuwa ofisa wa polisi chini ya Waingereza, na kazi hiyo ikampeleka Peshawar, mji wa mpakani ulio karibu na njia ya Khyber, penye wafanyabiashara, ngamia, na watu wa kabila la Wapathani wanaosifiwa kwa ukarimu na kuogopwa kwa visasi. Prithviraj alikulia huko, akasema lugha yao, akacheza na watoto wao. Yeye alikuwa Mhindu, na wengi wa rafiki zake walikuwa Waislamu. Jambo hilo msomaji aliweke akilini, kwani tutalirudia.

Masomo ya juu aliyapata katika Chuo cha Edwardes, chuo cha wamisionari wa Kanisa la Kiingereza mjini Peshawar. Waliopita katika shule za namna hiyo wanajua kwamba pamoja na hesabu na Biblia kulikuwa na siku ya kucheza michezo ya Shakespeare mbele ya wageni, na mara nyingi kijana mmoja aliharibikiwa na siku hiyo maisha yake yote. Prithviraj alikuwa kijana huyo. Alikuwa mrefu, kifua kipana, sauti nzito, na mwalimu wake Jai Dayal aliona kwamba vitu hivyo havikuumbwa kwa ajili ya kukaa ofisini. Baba yake aliona vingine. Alimpeleka Lahore kusoma sheria, na kijana akaisoma mwaka mmoja akaiacha.

Yafaa tuseme wazi maana ya kuiacha. Katika Bara Hindi la siku zile, kazi ya uigizaji ilihesabiwa kuwa ya watu duni, ya wacheza ngoma na wasio na asili. Mwana wa ofisa wa polisi, aliyesoma chuoni, mwenye mke na watoto, kwenda kujipaka rangi usoni lilikuwa jambo la kuaibisha ukoo mzima. Baba hakutoa nauli. Aliyemkopesha fedha ni shangazi yake, na mwaka 1928 Prithviraj akapanda gari moshi kwenda Bombay, akimwacha mkewe Ramsarni na watoto hadi atakapopata riziki.

Alianzia katika studio ya Imperial, akiwa mmoja wa watu wale wanaosimama mlangoni tangu alfajiri wakingoja kuchaguliwa kuwa askari wa nyuma au mpita njia, kazi isiyo na maneno na wala haina uhakika wa kesho. Husimuliwa kwamba hakukaa katika mstari huo siku nyingi. Umbo lake lilimtoa. Picha za wakati huo zilikuwa bubu, na mwaka 1930 alikuwa tayari mchezaji mkuu katika Cinema Girl. Lakini picha bubu zilikuwa zikikaribia mwisho wake, na mtu huyu silaha yake kubwa ilikuwa koo.

Tarehe 14 Machi 1931, katika ukumbi wa Majestic mjini Bombay, ilionyeshwa Alam Ara, picha ya kwanza ya India yenye kusema. Mwenye studio, Ardeshir Irani, ndiye aliyeiongoza. Studio yake ilikuwa karibu na njia ya reli, na vyombo vya kunasa sauti havikujua tofauti ya wimbo na mluzi wa gari moshi. Kwa hiyo kazi kubwa ilifanyika usiku wa manane, magari yakiwa yamelala, na vinasa sauti vimefichwa wachezaji wasivione wala watazamaji wasivione. Prithviraj aliigiza jemadari wa jeshi, naye alikuwa na umri wa miaka 24. Siku ya kuonyeshwa, watu walisukumana hata polisi wakaitwa. Nakala za picha hiyo zimepotea zote, na sauti ile ya kwanza hakuna atakayeisikia tena.

Mtu mwingine angalikaa hapo hapo. Yeye aliacha mshahara wa studio akajiunga na kampuni ya Mwingereza mmoja, Grant Anderson, iliyokuwa ikizunguka Bara Hindi ikicheza Shakespeare kwa Kiingereza. Kampuni hiyo ilifilisika, na wachezaji wakabaki Calcutta bila ya nauli ya kurudi. Hili latupa kipimo cha mtu: tayari akiwa na mdomo wa nyumbani wa kulisha, alikuwa amekwisha kuuchagua umaskini wa jukwaa mara moja, na aliujua ladha yake.

Calcutta ikamwokoa. Studio ya New Theatres ya bwana B. N. Sircar ilikuwa ikifanya picha bora kuliko zote nchini, na mwongozaji Debaki Bose alimpa nafasi katika Rajrani Meera mwaka 1933, kisha katika Seeta mwaka 1934, iliyotengenezwa na kampuni nyingine ya mji huo, ambamo aliigiza Rama pamoja na Durga Khote. Mwaka 1937 alionekana kama mfalme katika Vidyapati. Kufika mwisho wa miaka hiyo alirejea Bombay akiwa mtu wa kuombwa, si wa kuomba. Mwaka 1941 Sohrab Modi akamvika kofia ya chuma ya Iskanda wa Makedonia katika picha ya Sikandar, na Modi mwenyewe akawa Poro, mfalme wa Bara Hindi aliyeshindwa vitani lakini akakataa kuinamisha kichwa. Vita Kuu ya Pili ilikuwa ikiendelea, na watazamaji walielewa bila ya kuelezwa ni nani mvamizi na ni nani mwenye nchi. Waingereza nao walielewa. Picha hiyo ilikatazwa katika kumbi za kambi za askari.

Kama maisha yake yangaliishia hapo, tungalikuwa na habari ya stelingi mmoja mwenye bahati na mabega mazuri, na gazeti hili lisingalikuwa na sababu ya kumpa nafasi. Jambo lililomtenga na wenziwe lilianza tarehe 15 Januari 1944. Siku hiyo alianzisha kampuni yake ya michezo ya jukwaani, Prithvi Theatres, kwa mchezo wa kale wa Shakuntala. Haikuwa na ukumbi wake. Ilikuwa kampuni ya kusafiri, yenye waigizaji, wapiga ala, mafundi seremala, mafundi wa taa, washonaji, wapishi, jumla watu wapatao 100 na wakati mwingine zaidi. Na kila mmoja alilipwa kwa mwezi, kuwe na mchezo au kusiwe. Mishahara hiyo ilitoka wapi? Mara chache ilitoka katika tiketi. Ilitoka katika picha za sinema. Aliigiza mchana mbele ya kamera, akauchukua ujira, akaupeleka jukwaani.

Mjini Bombay walicheza katika jumba la Royal Opera House, nyakati ambazo ukumbi haukutakiwa na sinema. Nyakati nyingine walipakia mapazia, masanduku ya nguo na ngoma katika gari moshi, wakasafiri daraja la tatu kwenda miji mikubwa na midogo ya nchi nzima. Zohra Segal, mcheza ngoma aliyekuwa na jina hata Ulaya kabla ya kujiunga nao, alikaa katika kampuni hiyo miaka 14. Wapiga ala wawili, Shankar wa tabla na Jaikishan wa kinanda, walianzia humo. Ndio hao hao ambao baadaye walizitunga tuni za Awaara. Kwa hiyo nyimbo zile zilizoimbwa Ng'ambo na Kariakoo zilizaliwa na watu waliopata mshahara wao wa kwanza wa maana kutoka kwa yule hakimu mwenye uso mgumu.

Michezo yenyewe haikuwa ya kupitishia wakati. Mwaka 1945, miaka miwili kabla ya Bara Hindi kukatwa vipande viwili, aliuleta jukwaani mchezo uitwao Deewar, maana yake Ukuta. Ndugu wawili wanaishi nyumba moja kwa amani. Wageni wanabisha hodi wakiomba hifadhi. Wanakaribishwa, wanapewa chakula, na kidogo kidogo wanajitwalia funguo na amri. Ndugu wanagombanishwa. Mmoja anataka sehemu yake, na ukuta unajengwa katikati ya nyumba. Mwisho wa mchezo wakulima wanaingia na majembe, wanaubomoa. Hapakuwa na mtu ukumbini aliyehitaji kuambiwa nyumba ile ni nchi gani na wageni wale ni akina nani. Wale waliokuwa wakidai mgawanyo hawakuupenda hata kidogo. Prithviraj aliendelea kuucheza.

Ukuta halisi ulijengwa Agosti 1947, na haukuwako mkulima wa kuubomoa. Watu mamilioni walihama makwao, Waislamu wakielekea huku na Wahindu na Masingasinga wakielekea kule, na laki nyingi waliuawa njiani, ndani ya magari moshi yale yale yaliyozoea kuchukua mapazia ya michezo. Samundri aliyozaliwa ikawa nchi nyingine. Peshawar alikokulia ikawa nchi nyingine. Mwaka huo huo, hasira zikiwa zinachemka, alisimama jukwaani katika mavazi ya Kipathani, akacheza mchezo uitwao Pathan. Habari yake ni ya Mwislamu wa mpakani ambaye rafiki yake Mhindu anakufa na kumwachia mwana. Kisasi kinamfuata kijana huyo. Wenye deni la damu wanadai maisha kwa maisha. Mzee Mpathani anamtoa mwanawe wa kuzaa ili mtoto wa rafiki yake apone.

Twaomba msomaji afikirie jambo hili kwa utulivu. Katika ukumbi huo walikuwamo Wahindu waliokimbia Punjab wakiwa na nguo za mwilini tu, wengine wamezika watu wao wiki chache kabla. Na aliyekuwa mbele yao, Mhindu mwenzao aliyepoteza kwao pia, aliwaonyesha Mwislamu mtukufu na kuwadai machozi kwa ajili yake. Kuna ushujaa wa vitani, na kuna huu. Baadaye alifuatisha Ghaddar, yaani Msaliti, mwaka 1948, na Ahooti, yaani Sadaka, mwaka 1949, juu ya msichana aliyetekwa katika machafuko yale na kukataliwa na jamii yake mwenyewe aliporudi. Hakuna upande uliosamehewa.

Na kila mchezo ulipokwisha lilifuata tendo ambalo waliomwona walilikumbuka kuliko michezo yenyewe. Mtu huyu, aliyekuwa Iskanda katika mabango ya kila mji, alishuka haraka kabla rangi haijatoka usoni, akasimama kwenye mlango wa kutokea, kichwa ameinamisha, mikononi amekinga mfuko wa nguo kama ombaomba. Hakusema neno. Watu walipita wakitia rupia, anna, au pesa moja. Fedha hizo zilikwenda kwa wahanga wa njaa na machafuko, na kwa wafanyakazi wa kampuni waliopatwa na ugonjwa au msiba. Matajiri walioketi viti vya mbele, hawakuweza kumkwepa mlangoni, kwa kuwa mlango ulikuwa mmoja.

Mwaka 1952 aliteuliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Juu la Bunge la India, lile liitwalo Rajya Sabha, akakaa humo hadi mwaka 1960. Hakugeuka kuwa mwanasiasa. Alichokitetea ni kazi aliyoijua, na wachezaji wanaosafiri walipata punguzo la nauli ya reli kwa sababu ya juhudi zake. Ni jambo dogo ukilitazama kutoka katika kiti cha daraja la kwanza.

Hata hivyo hatupendi kumchora kama mtu asiye na kosa. Katika maonyesho yote ya kampuni yake, ambayo hesabu yake hutajwa kuwa 2,662 kwa muda wa miaka 16, mchezaji mkuu alikuwa yeye. Homa ikimpata, alicheza. Msiba ukimpata, alicheza. Na misiba aliijua, maana yeye na Ramsarni walikuwa wamezika watoto wawili wadogo. Watu husifu jambo hili. Sisi twaona ndani yake pia udhaifu wa kampuni. Watu 100 na familia zao walikuwa wameegemea koo moja, na hakuandaliwa mwingine wa kulipokea zigo. Ushirika wa kweli haukujengwa. Kulikuwa na baba, na watoto wa baba. Alikula nao, alisafiri nao, lakini uamuzi na deni vilikuwa vyake peke yake.

Ikawa koo lenyewe likachoka. Katika miaka ya 1950 alikuwa amecheza Paisa, mchezo juu ya mtu anayeliwa na tamaa ya mali (na neno hilo ndilo hilo letu, pesa, lililovuka bahari pamoja na sarafu yenyewe). Aliutengeneza uwe picha ya sinema mwaka 1957, akiuongoza mwenyewe, na katika siku hizo sauti yake iliharibika, haikurudi tena katika ukubwa wake. Mchezo wake wa mwisho, Kisan, yaani Mkulima, ulikuwa wa mwaka 1956. Mwaka 1960 kampuni ikafungwa. Serikali ya nchi yake ilimheshimu na ilimpa kiti Bungeni, nayo baadaye, mwaka 1969, ikampa nishani ya Padma Bhushan. Lakini haikuipokea kampuni, na mafundi seremala na washonaji wakaenda kutafuta kazi nyingine.

Mwaka huo huo wa 1960, tarehe 5 Agosti, ilitoka Mughal-e-Azam, picha iliyomchukua mwongozaji K. Asif miaka mingi na fedha nyingi kupita kiasi. Prithviraj ni Akbar, mfalme anayekataza mwanawe asimwoe mcheza ngoma wa ikulu, na Durga Khote wa zamani za Calcutta ni malkia wake. Yako maonyesho anapokwenda kuomba mtoto katika kaburi la walii wa Ajmer, akitembea peku juu ya mchanga wa jangwani. Husimuliwa kwamba alikataa kudanganya, akautembea mchanga wenye moto kweli kweli. Ajabu ya picha hiyo ni kwamba sauti inayonguruma humo ni ya mtu aliyekuwa amekwisha kuipoteza mbele ya wasikilizaji wa viti vya nyuma. Mashine ilimbebea kile ambacho jukwaa lilimla. Kwetu pia ilionyeshwa, na wengi walioiona hawakujua kwamba yule mfalme mwenye vito kifuani ndiye aliyekuwa akikinga mfuko mlangoni.

Aliendelea na picha nyingine, zikiwamo Aasmaan Mahal ya K. A. Abbas mwaka 1965, ambamo aliigiza bwana wa zamani anayekataa kuliuza jumba lake linaloporomoka, na Kal Aaj Aur Kal ya mwaka 1971, pamoja na mwanawe Raj na mjukuu wake Randhir, yeye akiwa babu. Saratani ilikuwa imemshika. Alifariki Bombay tarehe 29 Mei 1972, na tuzo kubwa ya sinema ya India, ile ya Dadasaheb Phalke, alipewa ya mwaka 1971 akiwa amekwisha kuwa majivu. Ramsarni, aliyeachwa Peshawar akingoja riziki mwaka 1928, alimfuata katika muda wa wiki chache tu.

Kulikuwa na kipande cha ardhi huko Juhu, kandokando ya bahari ya Bombay, ambacho alikikodi akitumaini siku moja kuipatia kampuni yake ukumbi wa kudumu. Mwaka 1978 mwanawe Shashi na mkewe Jennifer Kendal, binti wa wachezaji wa kusafiri kutoka Uingereza, walijenga hapo ukumbi mdogo wenye viti wapatao 200, wakauita Prithvi. Shashi na Jennifer walikuwa wamejuana mwaka 1956 huko Calcutta, kampuni mbili za wazee wao zilipokuwa zikicheza mjini humo. Jukwaa lake limezungukwa na watazamaji pande tatu, na liko karibu nao mno kiasi kwamba mchezaji haitaji kupaza sauti.